Yah: Kuambiwa "Njoo Kesho" Sebuleni Kwangu Mwenyewe

Ofisi ya Vyeti vya Kuzaliwa,
Dirisha la Pili.
Jumatatu, mchana.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu zangu pamoja na za ofisi yangu, ingawa ofisi haijui kama ninakuandikia. Mimi ni baba wa yule binti wa darasa la tano, mkondo wa kwanza, mwenye pengo la mbele na maswali mengi, ambaye tangu wiki iliyopita wenzake wanamwita Karani. Karani halisi ni mimi. Nimekaa kwenye dirisha hili tangu kabla binti huyo hajazaliwa, na cheti chake cha kuzaliwa nilikiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kilichelewa kidogo, lakini hiyo si hoja ya leo.

Naandika nikiwa kazini, saa za kazi, dirisha likiwa wazi na mbele yake hakuna mtu hata mmoja. Hali hii si ya kawaida na nitaieleza katika lalamiko la sita, kwa kuwa ninyi ndio mlioisababisha.

Mlitutangazia wazazi kwamba mtindo mpya wa mwalimu wa darasa la tano, wa kufundisha Uraia kwa maigizo na michezo, uko kwenye majaribio. Kwamba kamati ya shule itakaa Jumatano hii. Na kwamba mzazi yeyote akileta malalamiko ya maandishi kabla ya kikao, michezo itasimama na mwalimu atarudi kwenye ubao na chaki kama wenzake. Nimesikia pia kwamba mpaka sasa hakuna mzazi hata mmoja aliyelalamika. Basi huyo mmoja ni mimi, na barua yenyewe ndiyo hii.

Kwa kumbukumbu zenu, chanzo cha yote ni karatasi aliyokuja nayo binti yangu Ijumaa ya wiki juzi. Niliitia sahihi bila kuisoma, kwa mazoea ya kazi. Kumbe nilikuwa nimekubali kwamba kwa wiki nzima, kila jioni hadi saa ya kulala, yeye atakuwa baba na mimi nitakuwa mtoto. Sharti lilikuwa moja, nalo lilipigiwa mstari: Igiza unachokiona, usiigize unachoambiwa. Mwalimu Mkuu, ningelisoma sharti hilo ningeomba likizo na kwenda kukaa kwa kaka yangu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

Lalamiko la kwanza: somo halina mateso. Sisi tulisoma Uraia kwa kunakili. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukaandika daftarini, yeye akafuta, nasi tukasahau, kila mtu akaenda kwao. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakutajia haki na wajibu wa raia bila kuruka hata mkato. Binti yangu aliponiuliza, "Baba, wajibu ni nini?", nilimtajia orodha nzima mara tatu. Akasema anauliza wajibu ni nini, haulizi orodha ina mangapi. Nikamwambia tutaongea kesho. Sasa nauliza: elimu ambayo mtoto anakwenda shule akikimbia na kurudi akicheka, ina uchungu gani wa kumfanya aikumbuke? Darasa likigeuka uwanja wa michezo, uwanja wa michezo tuugeuze nini?

Lalamiko la pili: mtoto hakukosea. Jumatatu jioni nilirudi kutoka kazini, nikapangiwa kukaa kwenye kigoda chake kidogo karibu na cherehani ya mke wangu, ambaye ni fundi wa nguo na anashonea hapo hapo sebuleni. Binti akachukua koti langu la zamani, akatoka nje, akafunga mlango. Kisha akaingia akiwa mimi. Hakumsalimu mtu. Aliangusha funguo juu ya televisheni, akasema "Jamani, kichwa," akajitupa kwenye kiti changu cha kahawia na kufunga macho. Baadaye akavua kiatu kimoja. Kile kingine akabaki nacho.

Nilipinga papo hapo. Nilisema mimi huwa navua viatu vyote viwili, kama mtu yeyote mwenye akili. Mke wangu alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea kwa siku mbili na sasa ana chumba chake, aliitwa kutoa ushahidi, naye akasema kiatu cha kushoto huwa navua mpira ukitangazwa, na cha kulia sivui mpaka niitwe kula. Mwalimu Mkuu, nimeishi na miguu hii miaka yangu yote. Kuja kuambiwa habari zake na mama mkwe ni jambo ambalo halimo katika mtaala wowote ninaoujua.

Nilichunguza igizo lile nione kosa la kurekebisha, kwa kuwa kurekebisha makosa ndiyo kazi yangu. Sikulipata. Hata kile kikohozi changu cha kuonyesha kwamba sitaki kuulizwa, alikuwa nacho.

Lalamiko la tatu: matumizi mabaya ya neno "kesho". Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Jumanne kulikuwa na mechi. Televisheni yetu ilikuwa imeamua kuonyesha rangi moja tu, kwa hiyo nilitaka kwenda kuangalia kwa jirani. Kwa mujibu wa mchezo wenu, mtoto haendi popote bila ruhusa ya baba. Nikaenda mbele ya kiti cha kahawia, nikasimama. Binti yangu alikuwa anasoma gazeti langu. Nikakohoa. Hakuinua macho. Nikasema, "Baba, naomba kwenda kwa jirani kuangalia mpira." Akageuza ukurasa, akasema, "Njoo kesho."

Nikamweleza kwa adabu kwamba mpira ni leo. Akaniuliza kama nimekuja na viambatisho. Nikauliza viambatisho gani. Akasema kama sivijui, basi niende kwa mama yangu akanieleze. Nikaenda kwa mama yangu, yaani mke wangu, ambaye alikuwa amezama kwenye pindo la gauni la watu, akasema yeye hahusiki na mambo ya mpira, nirudi kwa baba. Nikarudi. Baba akasema dirisha limefungwa.

Nilisimama pale. Nilijua kabisa kwamba ni mchezo, kwamba yule ni mtoto wangu niliyemfunza kufunga kamba za viatu, na kwamba naweza kuondoka nikaenda zangu. Lakini miguu haikuondoka. Nilikuwa nasubiri ainue macho tu, anione. Kwa jirani wakapiga kelele za goli, nami nikiwa bado nimesimama kwenye zulia, mkono mmoja juu ya mwingine, mkao ambao nauona kila siku ng'ambo ya dirisha langu na ambao siku zote nilidhani ni wa watu wasio na haraka. Mke wangu, bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani, akasema, "Mkuki kwa nguruwe." Hakuumalizia, wala mimi sikumwomba aumalizie.

Kama mtaalamu, napenda kueleza kwamba neno hilo lilitumika vibaya. Kesho ya kiofisi ni utaratibu, nayo ina aina zake. Kuna kesho ya kawaida, ambayo ni siku yoyote isiyokuwa leo. Kuna kesho ya Ijumaa, ambayo ni Jumatatu kama hakuna mkutano. Kuna kesho ya mhuri, pale aliyeshika mhuri anapokuwa ametoka nao. Na kuna kesho ya mtu anayejuana na bosi, ambayo huwa ni leo, kwa mlango wa nyuma. Mtoto wa darasa la tano hawezi kuzitofautisha. Yeye alitumia kesho moja tu, ile anayoijua, ile ninayompa nyumbani anapotaka nimsikilize akisoma, au nimtengenezee kamba ya kurukia, au nimjibu wajibu ni nini. Sikujua kwamba hiyo nayo ni aina.

Lalamiko la nne: kutoa siri za ofisi. Jumatano mwalimu wenu aligeuza darasa zima kuwa ofisi ya serikali. Madawati yakapangwa kuwa kaunta, watoto wakapewa shida za kuleta, na binti yangu, kwa uzoefu alioonyesha, akapewa dirisha. Nimeelezwa kwamba hakuhudumia mtu hata mmoja. Aliwarudisha wote. Mmoja alimwambia picha zake zimetabasamu sana, mwingine akaambiwa arudi na mzee wake, na aliyekuja na mzee wake akaambiwa mzee huyo hatambuliki. Kengele ilipolia, foleni ilikuwa imezunguka darasa na kutokea mlangoni. Mwalimu alisema hajawahi kuona igizo lililokaribia ukweli kiasi kile. Sifa hizo ni za familia yetu, lakini sikuzifurahia.

Ubaya ulikuja baadaye. Mwalimu hakuandika kitu ubaoni. Aliwakalisha chini akawauliza: kwa nini karani anasema njoo kesho? Watoto wakajibu. Mmoja alisema karani ana njaa. Mwingine akasema karani hajui kazi, ila anaona aibu kuuliza. Wa tatu akasema karani anamwogopa bosi wake, na asipoandika kitu hawezi kukosea. Mwalimu Mkuu, jibu la tatu ni siri ya ofisi. Sisi tumekula kiapo. Siku hizi mtoto wa darasa la tano anaijua, na kesho atawaambia wazazi wake, nao ndio wanaokuja dirishani kwangu.

Binti yangu aliponisimulia nilimuuliza yeye alijibu nini, maana kati yao wote ni yeye tu anayeishi na karani. Akasema, "Nilisema sijui. Sijawahi kumuuliza. Huwa amechoka." Kisha akaenda kupiga mswaki. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa na lalamiko hili mdomoni, nikakosa mtu wa kumpa.

Lalamiko la tano: kubadilisha igizo bila taarifa. Alhamisi nilirudi nimejiandaa. Nilikuwa nimekusudia kuwa mtoto mkorofi, nimlipizie. Akatoka nje na koti, akafunga mlango, akaingia. Akasalimia kila mtu, kuanzia bibi yake. Akavua viatu vyote viwili na kuvipanga. Akapita kiti cha kahawia kama hakipo, akaja kukaa sakafuni kando ya kigoda changu, na kuniuliza, "Mwanangu, leo huko shuleni kwako kulikuwaje?"

Nikasema, "Salama."

Hakuondoka. Hakuchukua gazeti. Alisubiri tu, akinitazama kwa macho yale ya mama yake, kidevu kimekaa juu ya magoti. Mimi ni mzoefu wa kunyamaza. Nimewanyamazia watu wazima hadi wakaenda zao. Lakini sikuwahi kunyamaziwa na mtu anayetaka kusikia. Nikaanza kuongea. Nilisema shuleni kwangu kuna msimamizi mpya, mdogo kwangu kwa umri, na wiki hiyo alinikaripia mbele ya foleni nzima kwa sababu ya herufi moja. Nilisema wanaleta kompyuta kwenye Dirisha la Kwanza na mimi sijui hata pa kuiwashia, na kwamba najificha chumba cha majalada wakati wa chakula ili wenzangu wasiniulize kama nimejiandikisha mafunzo. Nilisema ninaogopa. Nilisema yote hayo nikiwa nimekunja magoti kwenye kigoda cha mtoto, na katikati yake nikasikia cherehani imenyamaza. Mke wangu hakuwa anayajua. Nilikuwa nimepanga kumwambia kesho.

Binti yangu akanishika bega, akasema, "Pole, mwanangu. Kesho..." Akasita. Nikaona anaitafuta njia ya kulirudisha lile neno. Kisha akasema, "Hapana. Sasa hivi, unataka tufanye nini?"

Hapo nilitokwa na machozi. Hayakuwa mengi. Mke wangu anasema yalikuwa mengi. Katika hilo tumetofautiana na jalada bado liko wazi. Nilipotulia nilisema nataka lile goli la Jumanne nililolikosa. Basi tukasogeza meza. Binti akawa kipa, mke wangu akaviringisha mpira wa vitambaa, mama mkwe akawa mwamuzi na filimbi ya mdomo. Nilifunga goli zuri sana, chini, kushoto. Mama mkwe alilikataa, akasema nilikuwa nimeotea. Sijui kaijulia wapi sheria hiyo, na kwa kuwa hakuna rufaa katika nyumba yetu, naomba shule ilichunguze.

Lakini mimi ni mtu wa kanuni. Asubuhi yake nilimwita binti nikamwambia amevunja sharti. Sharti linasema aigize anachokiona. Yule baba wa Alhamisi, wa kukaa sakafuni na kuuliza, amemwona wapi? Nilikuwa nimemshika. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Nimekuona wewe. Mara moja. Nilipokuwa naumwa homa."

Sikumbuki, Mwalimu Mkuu. Nakumbuka homa, nakumbuka dawa chungu, nakumbuka daktari. Kwamba nilikaa sakafuni na kumuuliza ilikuwaje, hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Yeye alilitunza. Ushahidi wa mara moja tu, na bado aliuona unatosha kuniigiza. Nilimwambia achelewe shule kidogo nimpe jibu, nikakosa jibu, akachelewa bure. Naomba uchelewaji huo usiandikwe.

Lalamiko la sita: hasara kwa taifa. Ijumaa asubuhi alikuja dirishani mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Namfahamu, nimemrudisha mara nyingi kiasi cha kuzoeana. Nikafungua mdomo kusema neno langu na likanikwama katikati. Nikasema, "Njoo ke...", na sauti niliyoisikia haikuwa yangu, ilikuwa ya binti yangu nyuma ya gazeti. Yule mama alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya mwingine. Nikainua macho. Nikamuuliza anataka nini.

Alitaka cheti. Nikamwandikia. Nilibaini, kwa masikitiko, kwamba kuandika cheti huchukua muda mfupi kuliko kueleza kwa nini hakiwezi kuandikwa. Nilipompa, alikikunja vizuri, akakitia kwenye mkoba, kisha akabaki pale pale akaniuliza, "Sasa nirudi lini?" Nikamwambia asirudi. Akadhani nimemfukuza. Ilibidi nitoke nje ya kaunta, jambo ambalo halijatokea tangu ile siku nyuki walipoingia ofisini, nikamweleza kwamba imekwisha, aende nyumbani.

Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, na mimi nikawa kama mtu aliyeanza kukuna pele. Kabla ya chakula cha mchana foleni iliisha. Hapo juu ya dirisha langu nimebandika bango la herufi kubwa: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Nilipolisoma siku hiyo nikasikia sauti ya mke wangu ikinijibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na yeye hata hakuwepo.

Madhara yake ni makubwa na naomba kamati iyapime. Mwenzangu wa Dirisha la Kwanza hanisalimii, kwa sababu foleni yake ilihamia kwangu na yeye akabaki na kompyuta. Msimamizi alikuja kuuliza watu wako wapi; nilipomwambia wamehudumiwa, alivuta droo yangu kutafuta hongo, akakuta kijiko na kidau cha wino. Mwenye kibanda cha chai hapo nje, aliyekuwa akiishi kwa jasho la wanaosubiri, amehamishia vikombe vyake upande wa mahakama. Mpiga picha hana mteja. Yule kijana anayekodisha kalamu ananiangalia kama niliyemuua baba yake. Uchumi mzima wa mtaa huu ulisimama juu ya neno moja, na mwalimu wenu wa darasa la tano ameling'oa kwa mchezo wa watoto. Leo Jumatatu ni hivi hivi. Nimekwisha kupanga majalada, nimefuta vumbi, nimenoa penseli zisizotumika. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kulalamika.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima:

(a) michezo, maigizo na mifano yote ya namna hiyo isimamishwe, na Uraia urudi ubaoni unapostahili;

(b) mwalimu wa darasa la tano aonywe kwamba watoto wanaona, na kwamba si vizuri kuwatia moyo;

(c) binti yangu ahamishiwe mkondo wa pili, kwa yule mwalimu anayesomesha kwa imla, ambaye wanafunzi wake wamekuwa watulivu kiasi kwamba wageni hudhani darasa limefungwa;

(d) nirudishiwe neno langu.

Nimeyaandika haya bila chuki na kwa kupenda maendeleo ya shule. Nasubiri majibu yako kwa hamu, tena leo, kwa kuwa jambo hili haliwezi kungoja.

Nisalimie walimu wote, pamoja na mwalimu wa imla kama atasikia. Msalimie mlinzi wa getini, ambaye binti yangu anasema huwa anamuuliza kila asubuhi ameamkaje na kusubiri jibu. Sasa najua kwa nini huwa anawahi shule. Mama wa mtoto anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu na anasisitiza kwamba lile halikuwa goli.

Wako katika mihuri na wino,

Baba wa Karani,
Dirisha la Pili.

Nakala: Mama wa mtoto, kwa taarifa. Bibi wa mtoto, asisomewe. Jalada.

N.B. Jumanne, asubuhi. Barua hii nilikuwa nimekwisha kuipiga mhuri jana kabla ya kufunga ofisi, na wewe mwenyewe unajua, au kama hujui nakufahamisha, kwamba barua iliyopigwa mhuri haichanwi. Ni lazima ifike. Ndiyo maana unaisoma. Lakini jana jioni limetokea jambo ambalo ni lazima lifike pamoja nayo.

Wiki ya mchezo iliisha juzi, Jumapili. Jana nilirudi nyumbani nikiwa baba tena, kwa mujibu wa sheria. Nilisalimia. Nilivua viatu vyote viwili, mama mkwe ni shahidi. Kiti cha kahawia kilikuwa wazi, binti yangu alikuwa sakafuni anachora. Nikaenda nikakaa karibu yake, magoti yakalia, nikamuuliza, "Leo shuleni kulikuwaje?"

Akasema, "Salama." Akaendelea kuchora.

Nikasubiri, kama alivyonisubiri yeye. Kidevu sikuweza kukiweka juu ya magoti, tumbo lilikataa, lakini nilisubiri. Baada ya muda akaacha kuchora. Akanitazama, akatazama kiti changu, akanitazama tena, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo alilolisahau: "Baba, mchezo si uliisha jana?"

Mwalimu Mkuu, nimeshakaripiwa mbele ya foleni, na sikuumia hivyo.

Kwa hiyo naomba sasa ombi moja, kinyume na hayo yote ya juu. Mwambie mwalimu wa darasa la tano amwambie binti yangu kwamba mchezo haujaisha. Amwambie kwamba kuna mtoto mmoja, mzito wa kuelewa, hajamaliza kazi yake ya nyumbani, na ameongezewa muda. Akiulizwa ni muda gani, asitaje tarehe. Mimi nitaendelea kuigiza kila jioni, nikikosea nitarekebishwa, mpaka siku atakayoniigiza mbele ya wenzake na yule baba wa sakafuni awe ndiye anayemwona kila siku.

Na kuhusu malalamiko yangu: kesho Jumatano, kabla ya kikao, huenda nikapita ofisini kwako kuulizia kama yamefika kwenye kamati. Nikija, nakuomba usiinue macho. Geuza ukurasa, uniambie nije kesho.